APOLO KIVEBULAYA, MJUMBE WA BOGA



Mwaka wa masomo unaelekea mwisho. Kila mmoja anafikiri juu ya mitihani, na nyuma ya mitihani, vakansi. Wale wa mwaka wa sita wanafikiri zaidi: diploma ikipatikana, tutaenda wapi? Sisi wa kamati ya gazeti hili tumesikia neno moja likirudi mara nyingi katika kundi la maombi. Wengi wanasema kama wangependa kushuhudia imani yao huko nyumbani, lakini hawajakuwa tayari. Wengine wanangoja kwanza wajue Biblia vizuri. Wengine wanangoja wakomae. Wengine wanamwogopa baba au mjomba ambaye atawacheka. Hatuandiki hivi ili kumchongea mtu. Sisi wenyewe tumo ndani.

Basi katika namba hii tumechagua kuwaletea maisha ya Apolo Kivebulaya. Wengi wanalijua jina lake, zaidi wale wanaotoka upande wa Ituri. Lakini jina tu halitoshi. Tufuate na njia aliyopita.

KIJANA WA BUGANDA

Apolo alizaliwa kunako mwaka wa 1864 katika nchi ya Buganda, karibu na mahali ambapo leo ni mji wa Kampala. Alizaliwa pacha, kwa hiyo alipewa jina la Waswa, kufuatana na desturi ya Waganda juu ya pacha wa kiume anayetangulia.

Hakulelewa katika kanisa. Katika ujana wake alifundishwa dini ya Kiislamu. Siku zile Buganda ilikuwa imechafuka. Kabaka Mwanga aliwaua Wakristo kati ya mwaka wa 1885 na 1887. Mwaka wa 1888 yeye mwenyewe alifukuzwa kitini, na watu wa dini mbalimbali wakaanza kupigania utawala. Waswa aliingia katika vita ile upande wa Waislamu. Tunaandika jambo hili waziwazi, maana kuna watu wanaodhani kwamba watumishi wa Mungu wanazaliwa wakiwa wamekwisha kunyoka. Huyu alijua vita mbele ya kujua Injili.

Nyuma ya vita alianza kujifunza kwa Waprotestanti. Wakati ule katika Buganda kuwa Mkristo na kujua kusoma vilishikana sana, hata waamini waliitwa wasomaji. Mtu alijifunza herufi ili aweze kusoma Injili. Waswa alibatizwa tarehe 27 Januari 1895, akachukua jina la Apolo. Anayejua Matendo ya Mitume anamkumbuka yule Apolo wa kwanza, mtu wa Aleksandria, ambaye alianza kuhubiri wakati alikuwa anajua ubatizo wa Yohana tu. Alihubiri kile alichokuwa nacho. Na wakati Prisila na Akila walipomchukua na kumweleza zaidi, alikubali kufundishwa. Tutaona kwamba jina lile lilimfaa Waswa sawasawa.

Jina lingine, Kivebulaya, lilitoka kwa watu. Alikuwa anavaa koti jekundu la askari pamoja na kanzu yake nyeupe, na watu wakaliona lile koti kuwa kitu kilichotoka Bulaya. Sisi tunaosema Bulaya kila siku hatuna haja ya kutafsiriwa neno hilo.

KUFIKA BOGA

Hesabuni pamoja nasi. Alibatizwa mwisho wa Januari 1895. Mwaka ule ule alitumwa kufundisha Toro, mbali upande wa magharibi, karibu na milima ya Ruwenzori. Mwaka wa 1896 alipita tena mbele, mpaka Boga. Ndiyo kusema, hata miaka miwili haikutimia tangu ubatizo wake, na huyu mtu alikuwa amekwisha kufika mahali ambapo hakuwa na ndugu, na ambapo watu hawakusema lugha ya mama yake. Hakuwa pasta. Hakuwa na diploma. Alikuwa mwalimu wa dini tu.

Kutoka Toro mpaka Boga safari ilikuwa ya miguu. Mtu alishuka katika bonde la mto Semliki, akavuka maji, halafu akapanda tena upande wetu wa Kongo mpaka kule juu kwa Wahema wenye ng'ombe. Nyuma yao msitu mkubwa wa Ituri unaanza. Shefu wa Boga wakati ule alikuwa Mukama Tabaro.

Apolo hakuwa wa kwanza kutumwa kule. Mbele yake walifika walimu wawili, Petero Nsugerwa na Sedulaka Makwata. Walihubiri, lakini mafundisho yao juu ya pombe na juu ya kuoa wanawake wengi yalimchukiza shefu. Tabaro akakataza watu kuwapa chakula. Silaha ile haina kelele, lakini ina nguvu. Njaa ikawashinda wale walimu, wakaondoka. Hatuwacheki. Aliyeshiba asimhukumu mwenye njaa.

Apolo alijua habari yao yote, na alikubali kwenda. Tena alitazama vizuri ni nini kilichowashinda. Habari zake zinasimulia kwamba alishika jembe na kulima chakula chake yeye mwenyewe. Jambo hili ni dogo, lakini linatufundisha. Sisi mara nyingi tunafikiri kuwa tayari kwa mambo ya roho ni kufunga macho na kuomba sana. Apolo aliomba, na alichukua jembe. Alijua kwamba mtu anayengoja chakula kwa mkono wa shefu, siku moja atachagua maneno yake ili asimchukize shefu.

MKUKI NA GEREZA

Watu wachache walianza kusoma naye. Shefu hakufurahi, na Apolo alisumbuliwa sana. Halafu mwaka wa 1898 neno baya lilitokea. Walikuwa wanajenga, na mkuki ulikuwa umeachwa katika majani na vifaa vya kujengea. Mwanamke mmoja wa jamaa ya shefu alianguka juu ya ule mkuki, akafa. Kwa wale waliomchukia Apolo, nafasi ilikuwa imepatikana. Alishtakiwa kwamba ameua mtu. Akapelekwa Toro mbele ya wakubwa wa Kiingereza, akatiwa gerezani.

Fikirini hali yake. Alikwenda kuwaletea watu habari ya uzima, na sasa anaitwa mwuaji. Wale wasomaji wake wachache wamebaki Boga bila mwalimu, chini ya shefu anayewachukia. Hata sisi ambao hatujafungwa, wakati mwingine mwenzetu mmoja akitucheka katika darasa, tunanyamaza mwezi mzima.

Apolo mwenyewe alishuhudia baadaye kwamba katika siku zile za taabu Bwana Yesu alimtokea, akiangaza kama jua, akamtia moyo na kumwahidi kwamba yuko pamoja naye. Alisema tena kwamba tangu wakati ule watu waliyasikia mahubiri yake kwa namna nyingine, wakaacha mambo yao ya zamani upesi. Sisi hatutaki kuongeza neno juu ya ushuhuda huo. Tunaona tu kwamba maono yale hayakumwambia arudi kwao Buganda kupumzika.

Hakuonekana na kosa, akafunguliwa. Sasa alikuwa huru katika Toro. Kule kanisa lilikuwa linakua. Mukama Kasagama wa Toro alikuwa amebatizwa mwaka wa 1896 kwa jina la Daudi, na walimu waliheshimiwa. Kama Apolo angeomba kubaki, ni nani angemlaumu? Lakini alirudi Boga, kwa shefu yule yule, kwa watu wale wale waliomwita mwuaji.

Na hapa Mungu alifanya kazi ambayo mwanadamu hakuweza. Tabaro, yule aliyewanyima walimu chakula, aligeuka. Aliomba ubatizo, akapewa jina la Paulo. Jina lenyewe linasema yote: Paulo naye alianza kwa kuwatesa watu wa kanisa.

Wapenzi, tusimame kidogo. Ni nini kilichomgeuza Tabaro? Hatuwezi kuona ndani ya moyo wa mtu. Lakini tunafikiri kwamba mahubiri alikuwa amekwisha kuyasikia tangu wale walimu wawili wa kwanza. Kitu ambacho hakuwa ameona bado ni mtu anayemrudia bila chuki. Kwenda mara ya kwanza kunaweza kuwa ni ujana tu, au hamu ya kuona nchi. Lakini anayerudi mahali alipokataliwa na kusingiziwa, huyo anajua juu ya nini anarudi.

PASTA WA TORO, MZEE WA BOGA

Baadaye wakubwa wa kanisa walimwita afanye kazi tena Toro. Alifanywa shemasi mwezi wa Desemba 1900, na mwaka wa 1903 akawekewa mikono kuwa pasta kamili. Kwa zaidi ya miaka kumi alifundisha na kubatiza katika vijiji vya upande ule.

Katikati ya miaka ile wazungu walikata mpaka. Mwaka wa 1910 Waingereza na Wabelgiji walipatana, na Boga ikahesabiwa upande wa Kongo ya Wabelgiji. Wakristo wa Boga walijikuta katika nchi moja, na kanisa lililowazaa likiwa katika nchi nyingine. Hakuna mutu aliyewauliza. Ilikuwa rahisi kuwasahau.

Apolo hakuwasahau. Kunako mwaka wa 1916 alivuka Semliki tena na kurudi kwao. Umri wake ulikuwa umepita miaka hamsini, na mwili wake haukuwa ule wa kijana wa koti jekundu. Mwaka wa 1922 alipewa cheo cha Kanoni katika kanisa kubwa la Namirembe kule Kampala. Hata na cheo hicho, alibaki Boga.

Hakuoa. Msichana aliyekuwa mchumba wake alikufa, na Apolo hakutafuta mwingine. Lakini hakuishi peke yake. Vijana walikaa nyumbani mwake, wakala naye, wakajifunza kwake, na baadaye aliwatuma kufundisha. Hii ndiyo ilikuwa shule yake ya Biblia. Haikuwa na jengo kubwa wala cheti. Kijana aliona kwa macho namna mzee anavyoamka, anavyoomba, anavyofanya kazi, anavyompokea mgeni.

WATU WA MSITU

Tangu mwaka wa 1921 Apolo alitia nguvu katika kazi mpya: kuwapelekea Injili Bambuti katika msitu wa Ituri. Wote tunajua namna watu wa vijijini walivyowadharau Bambuti, na hatuwezi kudanganya kwamba dharau hiyo imekwisha kabisa hata leo. Wengi waliwahesabu kama watu wa kutafuta nyama na asali tu. Apolo aliwahesabu kuwa watu ambao Kristo aliwafia. Yeye Muganda, Kanoni wa kanisa kubwa, alifuata vijia vya msitu kuwatafuta katika kambi zao, na alisimulia kwamba katika maono Bwana Yesu ndiye aliyemwambia aende kuhubiri msituni.

Kazi ile haikuwa ya mtu mmoja. Wale vijana wake walikaa katika vijiji vya ukingo wa msitu, na yeye alizunguka kuwatembelea. Injili ya Marko ilitafsiriwa katika lugha ya watu wa msitu. Mwaka wa 1932 baadhi ya Bambuti walibatizwa. Tangu 1921 mpaka 1932, hesabuni wenyewe. Sisi tukiimba mara mbili katika kijiji kimoja bila watu kuja mbele, tunasema kijiji kile ni kigumu.

KICHWA UPANDE WA MAGHARIBI

Mwaka wa 1933 ugonjwa ulimshika. Alikuwa ametibiwa kule Uganda, na ilionekana kwamba siku zake si nyingi. Angeweza kubaki karibu na hospitali, katika nchi aliyozaliwa. Aliomba kurudi Boga, ili afe katikati ya watu wake. Hii ilikuwa mara yake ya mwisho kuvuka Semliki. Alifariki Boga tarehe 30 Mei 1933.

Kabla ya kufa aliacha agizo moja. Wakristo wa kwao walizoea kumzika mtu kichwa kikiwa upande wa mashariki. Apolo aliomba azikwe kichwa upande wa magharibi, kule msitu uliko, kule Kongo yenyewe inakotandaa. Maana yake ilikuwa wazi: kazi haijaisha, Injili iendelee mbele. Alikuwa tayari hata katika kaburi.

Na iliendelea, ijapokuwa polepole. Kwa miaka mingi Boga ilibaki kama taa moja tu ya Waanglikani katika nchi yetu. Mwaka wa 1972 jimbo la Boga-Zaïre lilianzishwa, na askofu wake wa kwanza alikuwa Philip Ridsdale. Mwaka wa 1992 kanisa hilo likapata kujitawala lenyewe, na Patrice Njojo akawa askofu mkubwa wa kwanza. Leo lina majimbo mpaka Kisangani, Bukavu, Kindu, Katanga na Kinshasa. Wengi wetu hapa masomoni si Waanglikani, lakini hiyo si kitu. Mtu huyu ni baba wa wote katika imani.

Hatuwezi kufunga habari hii bila kutaja jambo la uchungu. Boga imeonja vita mara nyingi. Usiku wa tarehe 30 kuamkia 31 Mei 2021, siku ile ile ya ukumbusho wa Apolo, watu wenye silaha walishambulia Boga na Tchabi, wakaua watu zaidi ya 50. Wengine wengi walikimbia. Tunaandika hivi ili tusije tukafikiri kwamba habari ya Apolo ni habari tamu ya zamani. Mahali alipochagua kufia bado ni mahali pa machozi, na bado panahitaji watu wanaokubali kurudi.

NA SISI?

Mtume Paulo, alipowaandikia Waefeso juu ya silaha za Mungu, aliweka utayari wa Injili katika viatu. Hakuuweka katika kofia, wala katika upanga. Tulizungumza juu ya jambo hili katika kamati, tukaona lina maana kubwa. Mtu hakai na viatu kitandani. Anavivaa wakati wa kutoka nyumbani. Na njia yenyewe ndiyo inayomwonyesha kama vinamfaa.

Tulidhani kwanza mtu anakuwa tayari, halafu anakwenda. Maisha ya Apolo yanatuonyesha kwamba alikwenda na kidogo alichokuwa nacho, kama yule Apolo wa Matendo, na Bwana akamfundisha njiani: kwa njaa ya wengine alijifunza jembe, kwa gereza alijifunza kutoogopa, kwa Tabaro alijifunza kungoja. Hatusemi kwamba masomo hayana faida. Yeye mwenyewe aliingia katika imani kwa njia ya kusoma, na maisha yake yote aliwafundisha watu kusoma. Tunasema tu kwamba masomo yasiwe mahali pa kujificha.

Vakansi inakuja. Baba yule yule atakuwepo, na mjomba yule yule wa kucheka, na jirani ambaye mwaka uliopita alikataa kutusikiliza. Hapana kuwakimbia. Tuwachotee maji, tulime pamoja nao, tuseme neno tulilo nalo, na tukikataliwa, tujue namna ya kurudi bila kisirani. Na ninyi wa mwaka wa sita, siku mtakapopewa kazi ya ualimu katika kijiji cha mbali ambacho hakuna anayekitaka, mbele ya kulia kumbukeni kaburi lile la Boga na upande kilikoelekea kichwa chake.

Atakayekuwa na ushuhuda nyuma ya vakansi atuletee, tutauandika katika namba ya mwaka mpya wa masomo. Mungu awabariki, na awafikishe nyumbani salama.

Ni sisi ndugu zenu, kamati ya gazeti.